Kufuli tatu za sanduku na ruhusa za mashine

(Maneno ya kikundi cha mashine mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, tukaondoa tu yale yaliyorudiwa.)

Tunajua mko na njaa, na mama wa jikoni wametuambia bugali haingoji maneno ya mashine. Tutajaribu kuwa wafupi.

Tumesimama hapa juu ya swali lililoulizwa katika mkutano uliopita. Papa mmoja alisimama akasema: «Mimi niko katika komite. Nilichaguliwa na nyinyi wote. Mbona nikifungua mashine, mikopo sioni? Munatuficha nini?» Watu wakapiga makofi. Siye wa kikundi cha mashine tuliona haya, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza. Tulibadilisha mambo bila kueleza. Leo tunaeleza, na mwisho tutawaomba mkutano ukate neno, maana jambo hili si la vijana wanne wenye kujua kompyuta. Ni la wote.

Tukumbushane kwanza sisi ni nani

Sisi ni watu tuliokaa miaka mingi ndani ya lisiti. Tulipovuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, kitu cha kwanza tuliulizwa ni jina na hesabu ya watoto. Kule Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na kule Lugufu, iliyofungwa mwaka 2009, mtu ambaye hakuwa kwenye lisiti hakupata unga, mafuta wala maharage. Kadi ikipotea, nyumba inalala njaa. Na siku ya kurudi ilikuwa tena lisiti: jina, kijiji ulikotoka, kijiji unakokwenda, nani mgonjwa, nani ana mimba. Tulipanda meli na karatasi mkononi.

Kwa hiyo tunajua vizuri mambo mawili juu ya lisiti. La kwanza: lisiti inalisha. La pili: lisiti ikishikwa na mtu asiyekutakia mema, inamwambia unalala wapi. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa maana ya mtu kusimama mlangoni na karatasi yenye majina.

Zamani lisiti zilikuwa za wengine. Leo siye wenyewe njo tunauliza majina, tunaandika, tunatunza. Mwanachama anatuambia jina lake, kijiji, telefone, kambi aliyotoka, pesa aliyokopa, ugonjwa wa mtoto wake, na uwanja anaogombania na jirani. Anatuambia kwa kuwa anatuamini. Swali la leo ni hili tu: yale aliyotuambia, nani anayafungua?

Yaliyotupata

Tulipoanza, tulikuwaka na mabuku ya karatasi: buku la wanachama kwa sekretera, buku la michango kwa mtunza pesa, buku la misaada kwa mama wa huruma. Kila buku lilikuwa nyumbani kwa mtu wake. Mvua iliharibu moja, panya wakala kona za lingine. Tulipopata kompyuta na paneli ya jua, tukaingiza mabuku yote ndani ya mashine moja. Tulifurahi sana. Lakini hatukuona kwamba tuliyatoa mabuku matatu katika nyumba tatu, tukayaweka katika chumba kimoja chenye mlango mmoja, na ufunguo wa ule mlango tukaugawa kwa watu 5.

Ufunguo wenyewe ulikuwa neno la siri moja. Wote 5 waliingia kwa jina moja, «komite». Wote waliweza kufungua kila kitu, kubadilisha kila kitu, na kufuta kila kitu.

Matunda yake mnayajua, lakini tuyaseme wazi. Mama mmoja alikuwa amekopa dola 150 kwa biashara ya mafuta ya mawese. Siku moja alikuja na dola 60 zimefungwa kwenye ncha ya kitenge chake, akasema ni za mwisho. Kijana akafungua mashine: deni, 0. Mama akakataa. «Apana, mwanangu, deni yangu ninaijua mwenyewe.» Tukatafuta karatasi za zamani, tukakuta mama anasema kweli. Mtu fulani alikuwa amebadilisha ule mstari. Nani? Mashine ilijua jina moja tu, «komite». Lini? Mashine haikuandika. Labda ilikuwa wizi. Labda ilikuwa kosa la kidole, mtu alitaka kufunga mkopo wa mwingine akafunga wa huyu mama. Mpaka leo hatujui.

Lakini watu hawakungoja kujua. Macho yote yalimwangalia mtunza pesa wetu wa wakati ule. Hatukuwa na njia ya kumshitaki, na, jambo baya zaidi, hatukuwa na njia ya kumsafisha. Alirudisha ufunguo wake wa sanduku bila kusema neno, akaenda. Leo hayupo hapa kati yetu.

Jambo la pili ni fupi na linauma. Mmoja wa vijana waliokuwa wanaingiza michango alifungua ukurasa wa misaada. Hakutumwa, alikuwa anatazama tu. Akasoma ugonjwa wa mama mmoja aliyesaidiwa dawa. Wiki moja baadaye ulikuwa umefika sokoni. Yule mama haji tena kwenye mikutano, na hajaomba tena msaada.

Tunasema haya yalitupata siye, kwa uzembe wetu siye. Mashine haikukosa. Ilifanya vile tulivyoiruhusu.

Sanduku lilikuwa limekwisha kutufundisha

Katika vikundi vyetu vya AVEC, kila mtu analijua sanduku. Lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3 tofauti. Sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne asiyekuwa na ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi paka mbele ya watu wote. Hakuna hata siku moja mtu alisimama akasema: «Munaweka kufuli tatu kwa sababu munatuona wezi?» Tunajua kwamba kufuli inamlinda pia mwenye kuweka sanduku. Siku pesa ikipungua, hakuna atakayemwangalia kwa jicho baya, maana ufunguo hakuwa nao.

Ruhusa za mashine ni jambo lile lile. Tulikuwa na akili hii kwa pesa. Kwa majina na siri za watu hatukuwa nayo.

Mashine ikoje ndani

Wataalamu wanaiita hifadhidata. Ndani yake kuna majedwali, na jedwali ni kama buku lenye mistari na safu. Siye tuko na majedwali 5: wanachama, michango, mikopo, misaada, na viwanja, lile la kesi za mashamba. Yanashikamana kwa kitu kimoja, namba ya mwanachama. Jedwali la mikopo halina jina lako, lina namba yako. Ukitaka kujua nani anadaiwa, unaunganisha mikopo na wanachama kwa ile namba. Mpango huu wa majedwali yanayoshikamana ulielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM kule Marekani. Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade, wa IBM pia, wakaandika jinsi ya kutoa na kunyang'anya ruhusa ndani ya mpango huo. Amri tunazotumia Baraka leo, GRANT ya kupa na REVOKE ya kunyang'anya, zinafuata njia ile.

Juu ya kila jedwali, kuna matendo 4 makuu ambayo mtu anaweza kuruhusiwa: kusoma, kuongeza mstari mpya, kubadilisha mstari uliopo, na kufuta. Kila tendo linaruhusiwa peke yake. Mtu anaweza kuongeza bila kubadilisha. Mwingine anaweza kusoma bila kugusa. Na usipopewa kitu, huna. Jedwali jipya halimwonyeshi mtu yeyote paka mwenye kulitengeneza na msimamizi mkuu wa mashine.

Basi tumepanga hivi:

Sekretera anasoma, anaongeza na anabadilisha wanachama. Michango anaisoma tu.

Mtunza pesa anasoma na kuongeza michango na mikopo. Habadilishi. Kwa wanachama anaona dirisha dogo lenye namba, jina na kijiji. Telefone na kambi ya mtu hazimhusu.

Mama 2 wa huruma wanasoma na kuongeza misaada. Nao wanatumia lile lile dirisha dogo la majina.

Watu wa kesi za mashamba wanafungua viwanja. Wengine hawafungui.

Wakaguzi wa hesabu wanasoma michango na mikopo yote. Kwa misaada wanaona tarehe na kiasi cha pesa, lakini sababu ya msaada hawaioni.

Prezida na wanachama wote wanasomewa jumla: tumeingiza ngapi, tumekopesha ngapi, tumesaidia watu wangapi.

Kufuta, hakuna mtu. Ukikosea, unaandika mstari mpya wa kusahihisha, kama vile mtunza buku mzuri anavyofanya: hakwaruzi, hachani karatasi.

Sasa Papa uliyeuliza, jibu lako ni hili. Ni kweli mikopo huioni. Lakini wewe uko mtu wa kesi za mashamba, na mtunza pesa haoni kesi hata moja. Kesi ya jirani yako iko mikononi mwako, mkopo wako uko mikononi mwa mwingine. Kila mmoja wetu ameshika ufunguo mmoja tu. Hakuna aliyefichwa peke yake.

Maneno kwa vijana watakaoshika mashine baada yetu

Hapa wazee watuvumilie kidogo. Tunataka ibaki kwenye karatasi, kwa sababu siku moja tutaondoka na mwingine atakaa kwenye kiti. Sisi tunatumia PostgreSQL, isiyolipiwa. Mitego mingi tumeianguka wenyewe, tunaitaja msiianguke.

Msimpe mtu ruhusa kwa jina lake. Tengenezeni roli ya kazi: sekretera, mtunza_pesa, huruma, viwanja, mkaguzi. Ruhusa mnaipa roli, kisha mtu mnamwingiza ndani ya roli. Kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri. Kwa mfano:

GRANT SELECT, INSERT ON michango, mikopo TO mtunza_pesa;

Akibadilishwa mtunza pesa, hamgusi majedwali. Mnamtoa huyu ndani ya roli, mnamwingiza mwingine. Kama tungekuwa na majina 5 siku zile, neno la dola 60 lingekuwa limekwisha kwa saa moja.

Mtego wa kwanza. Kuna amri ya kuruhusu majedwali yote kwa mara moja. Inavutia, juu ni fupi. Lakini «yote» maana yake ni yale yaliyopo siku ile. Tulipotengeneza jedwali la viwanja baadaye, roli iliyopaswa kulisoma haikuweza. Watu wa kesi walikuwa wanangoja, mmoja wetu akakasirika, akampa kila mtu kila kitu ili kazi iende. Mwezi mzima hatukukumbuka kurudisha. Haraka ile ile iliyotuharibia mwanzo ilitaka kutuharibia tena. Iko amri nyingine, ALTER DEFAULT PRIVILEGES, inayopanga ruhusa za majedwali yatakayokuja, lakini ni kwa yale tu yatakayotengenezwa na roli uliyoitaja. Kwetu tumechagua njia ya polepole: kila jedwali jipya linaanza limefungwa, na tunaandika kwenye buku nani anafunguliwa na kwa nini.

Mtego wa pili ni wa safu. Tulikuwa tumempa mtu kusoma jedwali zima la wanachama. Kisha tukataka asione safu ya telefone, tukamnyang'anya safu ile peke yake. Mashine haikulalamika. Tukalala tukijua tumefunga. Kumbe telefone bado anaziona! Ruhusa ya jedwali zima inabeba safu zote, na kunyang'anya safu moja hakuipunguzi. Inabidi umnyang'anye jedwali zima kwanza, halafu umpe safu anazohitaji:

REVOKE SELECT ON wanachama FROM mtunza_pesa;
GRANT SELECT (namba, jina, kijiji) ON wanachama TO mtunza_pesa;

Au mtengeneze dirisha, yaani jedwali la kutazamia linaloonyesha safu chache. Mtu anaruhusiwa dirisha bila kuruhusiwa jedwali lililo nyuma, kwa sababu dirisha linasoma kwa ruhusa ya mwenye kulitengeneza. Kwa wakaguzi tumefanya hivyo. Kwa hiyo mwangalie sana nani mwenye dirisha, na dirisha linaonyesha nini. Na mkimaliza kufunga, ingieni kwa jina la mtu yule, mjaribu kufungua. Usiamini amri kwa sababu tu haikulalamika.

Mtego wa tatu ni mdogo. Mtunza pesa alipewa kuongeza michango, lakini mashine ikamkatalia. Kumbe namba ya mstari ilikuwa inatoka kwenye kihesabu cha pembeni, nacho kinataka ruhusa yake. Mkikutana na hilo, fungueni kihesabu kile tu. Msifungue nyumba nzima juu ya mlango mmoja uliokwama.

Mtego wa nne ndio wa kufikiria zaidi, na hauko katika amri yoyote. Majedwali yanaunganishwa. Jedwali moja likiwa peke yake linaweza kuonekana halina siri. Misaada bila majina: namba, kijiji, tarehe, «kujifungua kwa upasuaji». Hakuna jina, sivyo? Lakini mtu akiwa na dirisha la namba na majina upande wa pili, amekwisha kujua. Na hata bila dirisha: katika kijiji kidogo, mama waliojifungua kwa upasuaji mwezi ule ni wangapi? Mmoja. Kijiji na tarehe vimekwisha kuwa jina. Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu jedwali moja, usiulize tu «ndani yake kuna nini». Uliza: «Akiliunganisha na yale aliyo nayo, na yale anayoyajua kichwani, atajua nini?» Ndiyo maana tulitoa kijiji kwenye dirisha la misaada la wakaguzi.

Mtego wa tano ni kupa ruhusa ya kupa. Iko namna ya kumruhusu mtu na kumwambia: nawe unaweza kuwaruhusu wengine. Msiitumie. Akimpa wa pili na wa pili akampa wa tatu, siku mnataka kumnyang'anya wa kwanza, mashine inakataa mpaka muiambie ing'oe mnyororo mzima, na kazi ya watu wasio na kosa inasimama.

Mtego wa sita ni mtu anapoondoka. Mmoja wetu alipata kazi Uvira. Tulitaka kufuta jina lake ndani ya mashine, mashine ikakataa, kwa kuwa majedwali mawili aliyatengeneza yeye na yalikuwa mali yake. Na mwenye jedwali, hata ukimnyang'anya ruhusa, anaweza kujirudishia. Ilibidi tuhamishe umiliki kwanza. Sasa majedwali yote ni mali ya roli moja ambayo hakuna mtu anaingia nayo kila siku. Siku mtu anapoaga, jina lake linafungwa siku ile ile, hata kama ni rafiki, hata kama atarudi.

Na historia. Ruhusa inasema nani anaweza, haisemi nani amefanya. Tumeongeza jedwali linalojiandika lenyewe kila mstari wa mikopo unapoongezwa au kubadilishwa: nani, lini, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi. Watumiaji wa kila siku hawawezi kuliandika wala kulibadilisha kwa mkono.

Ambayo mashine haiwezi

Tusiwadanganye. Ruhusa hizi zina mwisho.

Ziko ndani ya mashine tu. Mtu mwenye haki ya kusoma anaweza kunakili jedwali kwenye flashi, au kupiga picha kioo kwa telefone yake. Nakala haina kufuli. Inatembea.

Na yuko mtu mmoja ambaye ruhusa hazimfungi: msimamizi mkuu. Yeye anaona majedwali yote, na anaweza hata kugusa historia. Lazima awepo, la sivyo mashine ikiharibika hakuna wa kuitengeneza. Leo ni mmoja wetu. Mnaweza kuuliza: mtamlinda nani huyo? Hatuna jibu la mashine. Tuko na jibu la sanduku, na njo ombi letu la kwanza.

Maombi yetu

La kwanza. Neno la siri la msimamizi mkuu ligawanywe vipande viwili, kila kipande katika bahasha iliyofungwa, moja kwa mzee mshauri, nyingine kwa mama makamu. Mashine ikitaka matengenezo makubwa, bahasha zifunguliwe mbele ya watu 3. Neno likiisha kutumika, libadilishwe na bahasha ziwe mpya. Siye wenyewe tunaomba kunyang'anywa ule ufunguo. Hatutaki siku moja macho yatuangalie siye vile yalivyomwangalia yule ndugu.

La pili. Orodha ya nani anafungua nini isiwe siri ya kikundi cha mashine. Ibandikwe ukutani katika biro yetu, na kila miezi 3 isomwe mbele ya komite. Majina ya watu waliobadilisha kazi yatolewe hapo hapo. Na kila mwanachama awe na haki ya kuja kuomba asomewe mistari yake mwenyewe katika majedwali yote 5, na kusahihisha iliyokosewa. Nchi yetu nayo iko na sheria ya mambo ya dijitali, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayozungumza pia juu ya kulinda data za mtu. Lakini hata bila sheria, tungekuwa tunadaiwa hilo.

La tatu. Wengi wamesema: «Sisi ni ndugu, tumekula njaa moja kambini, kwa nini tufungiane?» Tunawaheshimu wanaosema hivyo, maana undugu ndio uliotufikisha hapa. Lakini tufikirie: kambini tulilala hema kwa hema, tulisikia kila kitu cha jirani, hata kilio cha usiku. Asubuhi tulimsalimia kama hatukusikia. Ule nao ulikuwa undugu. Tunachoomba ni mashine ifanye vile tulivyokuwa tunafanya sisi wenyewe. Jumla ya pesa ni ya wote, isomwe kwa sauti kubwa. Ugonjwa wa mtu ni wake.

La nne, na hili halina amri ndani ya kompyuta. Yule mtunza pesa wetu wa zamani. Hatukuweza kumsafisha siku ile kwa sababu siye wenyewe tulimpa jina moja na watu wanne. Kosa la mpango lilikuwa letu, na yeye peke yake alilibeba. Tunaomba mkutano uchague watu 2, mzee mmoja na mama mmoja, waende kwake nyumbani. Wasiende kumuuliza chochote. Wamwambie tu haya tuliyoyasema hapa, na kwamba nafasi yake kwenye benchi bado ipo. Na kwa yule mama wa dawa, mama wa huruma waende wao wenyewe, polepole, bila karatasi.

Ile dola 60, mwenyewe aliilipa. Aliisukuma mezani akasema tuandike. Tuliandika, na mara hii kwa jina la aliyeandika.

Tumemaliza. Papa prezida, tunakurudishia neno, na bugali ikingoja tuwe tumepiga kura kwanza.

(Mkutano ulikubali maombi yote manne kwa kuinua mikono. Orodha ya ruhusa imebandikwa karibu na mlango wa biro. Njooni muisome.)